Matoazi ya Shaba Katika Ibada: Yasafishwe au Yaachwe na Ukale Wake?

Utangulizi

Kwaya nyingi za sharika zetu za Nyanda za Juu Kusini, tangu Iringa hata Mbeya na Rungwe, hutumia matoazi katika kumsifu Mungu. Mengine ni ya mkononi, jozi yenye mikanda ya ngozi, ambayo mpigaji huyagonganisha katika bendi ya tarumbeta. Mengine hutundikwa juu ya vyuma katika seti ya dramu na kupigwa kwa fimbo. Yakiisha kukaa miaka, hupoteza mng'ao wake, huwa ya rangi ya udongo, na pengine huota madoa ya kijani. Ndipo swali huletwa kwa mchungaji, na mara nyingi huletwa juma moja tu kabla ya sikukuu: je, tuyasafishe? Na kama ndiyo, kwa kitu gani?

Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa wachungaji na wanafunzi wa theolojia. Huenda wako watakaoona kuwa ni jambo dogo mno kwa kurasa hizi. Mimi nami nililiona dogo. Nilipokuwa mchungaji mpya katika usharika mmoja wa mkoa wa Iringa, tulijiandaa kwa sherehe ya jubilei. Nikawaagiza wanafunzi wa kipaimara wayasugue matoazi ya bendi kwa mchanga, majivu na limau, nao wakafanya kwa bidii. Jumapili yakang'aa kama dhahabu, na wazee wa kanisa wakanipongeza. Baada ya ibada akaja mama mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa mpigaji wa kwanza wa matoazi hayo. Akalichukua toazi moja, akaligeuza, akalitazama upande wa ndani kwa muda, kisha akauliza, "Baba Mchungaji, hili ndilo lile?" Mumewe alikuwa amechora humo kwa msumari herufi za jina lake na mwaka aliokabidhiwa. Herufi hizo hazikuwapo tena.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba kabla ya kuuliza namna ya kusafisha, yapasa kuuliza tunaondoa nini.

Matoazi katika Maandiko

Matoazi yana cheo katika ibada ya Agano la Kale. Daudi alipolileta sanduku la agano Yerusalemu, waimbaji Hemani, Asafu na Ethani waliwekwa wapige matoazi ya shaba (1 Nya. 15:19). Waliporudi kutoka uhamishoni na msingi wa hekalu ukawekwa, wana wa Asafu walisimama tena na matoazi yao (Ezra 3:10). Zaburi ya 150 inayataja mara mbili katika mstari mmoja. Yale yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia huko Megido na Hasori ni madogo, ya kukaa kiganjani, yenye tundu katikati la kupitishia kamba. Hata baada ya karne nyingi ardhini, umbo lake latambulikana. Shaba ikitunzwa hudumu kuliko mpigaji wake.

Hata hivyo Maandiko hayaruhusu shaba ya kale iheshimiwe kupita kiasi. Nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa alikuwa kitu cha historia kweli kweli, lakini watu walipoanza kumfukizia uvumba, mfalme Hezekia alimvunja vipande (2 Fal. 18:4). Naye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, watu wa mji uliosifika kwa ufundi wa shaba, alisema kwamba msemaji asiye na upendo hana tofauti na shaba na upatu vitoavyo kelele tu (1 Kor. 13:1). Basi kosa laweza kuwa la namna mbili: kufuta kila dalili ya wakati uliopita, au kuuabudu ukale wenyewe.

Toazi ni kitu gani?

Toazi zuri hufanywa kwa shaba nyekundu iliyochanganywa na madini ya bati. Mchanganyiko wa kale unaosifika ni takriban sehemu 80 za shaba na 20 za bati. Mafundi wa Zildjian, jamaa ya Waarmenia iliyoanza kazi yake Istanbul mwaka 1623 na ambayo tangu 1929 ina kiwanda chake Marekani, hutumia mchanganyiko wa namna hiyo. Yako pia yenye shaba sehemu 92 na bati 8. Yale ya bei nafuu, ambayo ni mengi katika sharika zetu, hufanywa kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Rangi yake ni ya manjano na sauti yake hukatika upesi.

Madini haya si mageni kwetu. Shaba ya Zambia hupita Mbeya kila siku ikielekea bandari ya Dar es Salaam, kwa malori yatokayo Tunduma na kwa reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. Bati huchimbwa Kyerwa, mkoani Kagera.

Lililo muhimu ni kwamba toazi ni bamba jembamba, na wembamba huo ndio sauti yake. Ukilitazama kwa karibu utaona mifereji myembamba inayolizunguka tangu katikati hata ukingoni. Fundi ameichonga kwa makusudi. Kwa hiyo kila kinachokwangua uso wa toazi hupunguza kitu ambacho fundi alikipima.

Uchafu, umri na ugonjwa

Matatizo mengi hutokea kwa sababu twachanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali.

La kwanza ni uchafu. Huu ni vumbi, mafuta ya vidole, jasho, nta ya mishumaa na moshi. Hujaza mifereji na kuififisha sauti, hasa ile ya juu. Katika Iringa, ambako kiangazi ni kirefu na vumbi ni jingi, uchafu ndio tatizo kubwa. Uchafu hauna haki ya kukaa, uondolewe.

La pili ni umri. Shaba ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba wa rangi ya kahawia iliyoiva. Utando huu haulili toazi. Kinyume chake, hulikinga. Wapigaji wengi husema kwamba toazi lenye utando huo lina sauti ya upole kuliko jipya. Umri usiondolewe.

La tatu ni ugonjwa. Huu huonekana kama unga wa kijani hafifu katika vishimo vidogo, nao hurudi hata ukiupangusa. Husababishwa na chumvi pamoja na unyevu, nao hula shaba kwa ndani. Huko Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, toazi lililofungiwa katika stoo ya kanisa lisiyo na hewa laweza kuugua upesi. Ugonjwa utibiwe mapema.

Namna ya kusafisha

Kabla ya yote, geuza toazi na usome. Tazama muhuri wa kiwanda, herufi zilizochorwa na majina yaliyoandikwa kwa rangi. Yanakili yote. Kisha ufuate utaratibu huu:

1. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu.

2. Changanya maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, ile ya kuoshea vyombo. Chovya kitambaa cha pamba, kisha pangusa kwa kufuata mifereji, yaani kwa kuzunguka. Usipanguse kutoka katikati kwenda ukingoni.

3. Suuza kwa maji safi mpaka sabuni yote itoke.

4. Kausha mara moja kwa kitambaa kingine, pande zote mbili na katika tundu la katikati. Usiliache lijikaushe.

5. Penye unga wa kijani, ondoa kwa mswaki laini mkavu, kisha lihifadhi toazi mahali pakavu na ulikague kila mwezi.

Ndimu au limau na chumvi, njia inayopendwa na wengi, yapasa kuepukwa. Ni kweli kwamba hung'arisha upesi, lakini ndimu hula uso wa shaba, na chumvi inayosalia katika mifereji ndiyo mbegu ya ule ugonjwa niliotaja. Katika shaba yenye zinki, ndimu huondoa zinki na kuacha madoa mekundu. Mchanga, majivu na nyuzi za chuma hukwangua. Hata dawa za kung'arishia shaba hufanya kazi kwa kusugua tabaka jembamba la juu, na hufuta maandishi upesi sana. Toazi jipya lenye vanishi haliihitaji kabisa.

Toazi lililopasuka lisipelekwe kwa fundi wa kuchomelea, maana moto huharibu ugumu wa shaba pande zote za ufa. Fundi mwangalifu aweza kutoboa tundu dogo penye ncha ya ufa ili usiendelee. Tena katika seti ya dramu, toazi lisikazwe mno kwa skrubu, wala lisikae juu ya chuma kitupu. Liwekewe kitambaa kizito cha sufu chini na juu, lipate kuyumba. Mengi hupasuka kwa kukazwa, si kwa uzee. Baada ya ibada yapanguswe jasho na kuwekwa katika mifuko ya kitambaa, na kati ya toazi na toazi pawe na nguo.

Hitimisho

Injili ya Kilutheri iliingia Unyakyusa mwaka 1891 kwa wamisionari wa Berlin walioongozwa na Alexander Merensky, na mwaka huohuo Wamoravian walianza kazi Rungwe. Baada ya zaidi ya miaka mia moja, sharika zetu zina vitu vingi vya kale: kengele, vikombe vya Meza ya Bwana, tarumbeta, matoazi. Kipimo cha kuvitunza kiwe huduma yake. Toazi lipo ili lisikike likimsifu Mungu. Kinacholizuia kufanya hivyo kiondolewe, hata kama ni cha kale. Kisicholizuia kiachwe, hata kama hakipendezi macho siku ya jubilei.

Nawasihi watumishi wenzangu kila usharika uandike katika daftari la mali habari za vyombo vyake vya muziki: vilipatikana lini, kwa sadaka ya nani, na nani walivipiga. Mimi nilirudi kwa yule mama, nikamwomba anitajie herufi zile na mwaka wake. Akanitajia bila kusita, nami nikaviandika mbele yake kwa wino. Katika daftari vimo hata leo. Katika shaba havitarudi.