Ua wa Ofisi Usigeuke Ukuta wa Kumzuia Mwananchi

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii husikika sana katika harambee, lakini leo nataka kuitumia katika jambo lisilozungumzwa mara nyingi: jinsi kaunti zetu zinavyoweza kushirikiana kuyalinda majengo ya umma nyakati za ghasia.

Mnamo Juni 25, 2024, siku waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walipovamia Bunge, ofisi ya gavana katika jumba la City Hall, Nairobi, nayo ilitiwa moto. Mwaka mmoja baadaye, tarehe iyo hiyo, barabara za kuelekea Bunge na Ikulu zilizibwa kwa seng'enge zenye makali ya wembe, lakini mahakama ya Kikuyu, mwendo mfupi tu kutoka jijini, iliteketezwa pamoja na majalada yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jalada likiungua, anayeumia si waziri wala gavana. Ni mjane anayedai shamba la marehemu mumewe. Ni kijana aliye rumande akingoja kesi yake isikizwe.

Tutazame wenzetu walivyofanya. Huko Minneapolis, Marekani, kituo cha polisi kilichomwa Mei 2020 baada ya George Floyd kuuawa na polisi. Afisa Derek Chauvin alipofikishwa kizimbani Machi 2021, serikali ya mji, Kaunti ya Hennepin na jimbo la Minnesota ziliungana katika mpango mmoja wa usalama. Jengo lililokuwa na mahakama lilizungushiwa ua na vizuizi vya saruji, na kesi ikasikizwa hadi uamuzi ulipotolewa Aprili 20. Nako Washington, ua uliosimamishwa baada ya uvamizi wa Januari 6, 2021 uliondolewa Julai, ukarudishwa kwa muda mfupi Septemba. Ua wa namna hiyo huja na kuondoka.

Je, sisi tunashindwa na nini? Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Kwa maoni yangu, kaunti jirani kama Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado zingeweza kuchanga fedha, zikanunua vipande vya ua vinavyohamishika, zikaviweka katika ghala moja na kuazimana kwa daftari. Kila kaunti ikinunua vyake, vitakaa miaka vikila kutu.

Atakayesema kwamba maandamano ya Juni 2024 yalizuka katika kaunti nyingi siku moja, na kwa hivyo hapangekuwa na wa kumwazima mwenzake, ana hoja nzito. Ndiyo sababu lazima makubaliano yaseme mapema ni majengo gani yatangulie. Nasema zitangulie mahakama, hospitali na masjala za ardhi. Afisi za wakubwa zifuate nyuma.

Tena, ua si risasi. Katika maandamano ya mwaka 2024 makumi ya Wakenya waliuawa. Kaunti haina mamlaka juu ya polisi, kwani hao ni wa serikali kuu, lakini ikiweza kuweka nafasi kati ya umati na mlango wa jengo, huenda ikampunguzia afisa mwenye bunduki kisingizio cha kufyatua. Kwa ajili hiyo naupinga ua wa wembe, unaomkata anayesukumwa na umati bila hiari yake.

Hata hivyo, ua huo uwe na masharti. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha, na kuwasilisha malalamishi kwa wenye mamlaka. Kifungu cha 196 nacho kinalitaka bunge la kaunti liendeshe shughuli zake kwa uwazi. Basi uachwe mlango ambapo malalamishi yatapokelewa na afisa anayejulikana, na tarehe ya kuuondoa itangazwe siku ya kuusimamisha. Ua usio na tarehe ni ukuta.

Ua hununua muda tu. Kodi isiyobebeka na masikio yaliyozibwa ndiyo nyufa zenyewe, na asiyeziba ufa hujenga ukuta.