Wizi wa Baiskeli Japani: Hasara ya Yen 64

Mwaka 2023 polisi wa Japani walirekodi makosa ya jinai 703,351 katika nchi yenye watu takribani milioni 124. Zaidi ya 160,000 kati ya hayo yalikuwa wizi wa baiskeli: karibu asilimia 23 ya makosa yote, au baiskeli zipatazo 438 kila siku. Pale ambapo uhalifu mkubwa ni haba, baiskeli ndiyo humpa polisi kazi.

Zaidi ya nusu ya baiskeli hizo hazikuwa zimefungwa, ingawa baiskeli nyingi za mjini huuzwa zikiwa na kufuli kwenye gurudumu la nyuma. Kwa nini mtu asigeuze ufunguo?

Tupige hesabu. Japani ina baiskeli zaidi ya milioni 50. Zikiibwa 160,000 kwa mwaka, ni kama 3 katika kila 1,000. Baiskeli ya kawaida ya kwendea sokoni au kituo cha treni tuikadirie yen 20,000. Ukigawanya hasara yote kwa wenye baiskeli wote, kila mmoja anabeba yen 64 tu kwa mwaka. Hata tukiongeza maradufu kwa ajili ya wasioripoti, fedha hiyo haimkoseshi mtu usingizi.

Ila ukiijumlisha, inafika yen bilioni 3.2, bila kuhesabu muda wa polisi. Ndiyo maana tangu 1994 sheria inamtaka kila mwenye baiskeli aisajili. Tokyo ada ni yen 660, na usajili hudumu miaka 10: yen 66 kwa mwaka, karibu sawa na hasara yenyewe. Stika ya usajili haimzuii mwizi. Kazi yake huanza baadaye, kwa kuwa baiskeli nyingi huchukuliwa kwa safari moja kisha hutelekezwa. Polisi wakiiokota, namba huwaonyesha mwenyewe ni nani.

Je, ununue kufuli la pili? La yen 1,500 likidumu miaka mitano, linakugharimu yen 300 kwa mwaka. Kwa baiskeli ya yen 20,000 halilipi. Kwa ile ya umeme ya yen 150,000, ambayo hasara yake kwa hesabu hiyohiyo ni yen 480, linalipa. Kufuli la kwanza halihitaji hesabu: ulishalilipia siku uliponunua baiskeli.