Selimundu na Kiambishi Kinachopotosha

Mwezi uliopita nilialikwa na mwalimu mmoja, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, nikazungumze na vijana wa shule ya upili iliyoko baina ya Migori na Homa Bay. Mada yangu ilikuwa ngeli za nomino. Kwa kuwa nilifika mapema, niliketi nyuma ya darasa la biolojia, na humo ndimo nilimosikia sentensi iliyonikosesha utulivu. Kijana mmoja aliulizwa ni kwa nini watu wengi wa kandokando ya ziwa wana jeni ya selimundu. Kiingereza kilimponyoka, akajibu kwa Kiswahili: "Damu yao ilijibadilisha ili ipigane na malaria." Wenzake wakampigia makofi.

Mimi si mwanabiolojia. Hata hivyo, kosa lile lilikuwa la sarufi kabla halijawa la sayansi. Kiambishi "-ji-" humrudishia mtenda tendo lake mwenyewe: ajisifuye, ajikwezaye, ajiponzaye. Damu haina hiari hiyo. Jeni ya selimundu ilizuka kwa sadfa, kama kosa la mnakili aliyechoka. Kisha malaria ikawa inaua zaidi watoto wasiokuwa nayo, na waliosalia wakakua, wakazaa. Hakuna aliyejibadilisha, kilichobadilika ni hesabu ya waliobaki. Kwa hiyo hata istilahi "uteuzi asilia" huniletea mashaka, maana palipo na uteuzi msikilizaji humtafuta mteuzi. Ningeridhia zaidi "mchujo". Chekeche halina nia na unga.

Jambo hili si la mbali na wasomaji wa huko, kwani damu ya eneo lao imo katika historia ya sayansi yenyewe. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alipima damu za watu wa jamii mbalimbali nchini. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria aliikuta jeni hiyo kwa zaidi ya mtu mmoja katika kila watano; katika nyanda za juu, ambako malaria ilikuwa haba, hakufikia hata mmoja katika mia. Baadaye aliwaambukiza malaria makusudi wanaume Waluo 30 waliojitolea, 15 wenye jeni na 15 wasiokuwa nayo. Wasiokuwa nayo, 14 waliota vimelea. Wenye nayo, wawili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. (Jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa leo, na ni vyema wanafunzi wakaambiwa hivyo.) Nashangaa kwamba kijana wa Ndhiwa au Nyatike huweza kumaliza shule akijua kwa moyo njegere za Mendel, asijue kwamba babu zake wamo katika mojawapo ya mifano mashuhuri ya mchujo asilia duniani.

Kosa lenyewe ni dogo ajabu. Mnyororo mmoja wa himoglobini una asidi amino 146. Iliyobadilika ni moja tu, ya sita, kwa sababu ya herufi moja katika maandishi ya jeni. Sisi wanaisimu twalielewa hilo upesi: badilisha sauti moja, na "pata" huwa "bata". Anayeipokea jeni hiyo kwa mzazi mmoja huishi bila dalili na hukingwa sana dhidi ya malaria kali. Anayeipokea kwa wazazi wote wawili, chembe zake nyekundu hujipinda mithili ya mundu, zikaziba mishipa midogo, na maumivu ya mifupa yakamwandama. (Msomaji makini ameona kwamba nami nimeandika "hujipinda". Lugha ina nguvu.)

Hapa ndipo neno jingine linapotutia hasarani, nalo ni "kurithi". Huku kwetu mtu hurithi shamba au ng'ombe, vitu ambavyo marehemu alikuwa navyo na kila mtu aliviona. Basi wazazi wazima wa afya wapatapo mtoto mgonjwa, ukoo huuliza amerithi kwa nani, na asipoonekana mgonjwa mwingine, jawabu hutafutwa kwenye laana. Nilipokuwa mdogo, jirani yetu alizika watoto wawili waliokuwa wakilia mifupa. Mama yao alirudishwa kwao. Mumewe akaoa mwingine, na hakuna aliyemwambia kwamba nusu ya kile alichokuwa akikikimbia alikuwa nacho mwenyewe damuni.

Hesabu nayo hufundishwa vibaya. Husemwa kwamba wazazi wawili wabebaji watapata mgonjwa mmoja katika watoto wanne, na watu huelewa kwamba akishapatikana huyo mmoja, watatu wafuatao wamesalimika. La hasha! Kila mimba ni kurusha sarafu upya. Mwalimu awape wanafunzi shilingi mbilimbili wazirushe mara hamsini, waone.

Kuhusu kunusurika kwa spishi, ziwa lenyewe latosha kuwa maabara. Ziwa Victoria lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita, nalo lilipojaa tena fulu walitawanyika wakawa spishi takriban 500, kwa kuwa wahenga wao walikuwa mchanganyiko wa koo tofauti na walibeba jeni za kila namna. Mbuta aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 spishi nyingi za fulu zilikuwa zimetoweka. Mchujo ulikuja kwa kasi kuliko vizazi. Na katika Mbuga ya Ruma, makorongo wa mwisho wa Kenya ni wachache mno. Kundi dogo huzaana ndugu kwa ndugu, na chekeche hukosa cha kuchekecha.

Istilahi tunazo; TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Tulichokosa ni uangalifu wa vitenzi.

Ngeli nilizifundisha kwa dakika kumi tu siku ile. Nilipokuwa nikiondoka, msichana mmoja alinifuata hadi langoni akaniuliza kama ni kweli kwamba baba pia lazima awe nayo. Nikamwambia ni kweli. Akanipa daftari lake, akaniomba nimwandikie hapo, kwa Kiswahili, ili akalisome nyumbani.