MICHE MIREFU SI DALILI YA AFYA

Kila zinapokaribia mvua za Machi na zile za Septemba, askari wengi wa Uganda, wa jeshi na wa polisi, pamoja na jamaa zao, hutia mbegu za nyanya na kabichi katika vitalu vidogo kandokando ya nyumba zao. Jambo hilo ni la kusifiwa. Mboga itokayo bustanini hainunuliwi sokoni, na fedha iliyookolewa hulipa ada ya mtoto shuleni.

Lakini haikosekani miche iotayo kwa haraka, ikarefuka kama uzi, ikapauka, kisha ikalala chini kabla haijatoa jani la tatu. Mwenye bustani huufurahia urefu huo juma la kwanza. Juma la pili huanza kuilaumu mbegu na mwenye duka aliyeiuza. Mara nyingi wote wawili hawana hatia. Leo tumekusudia kueleza chanzo cha hasara hiyo na namna ya kuizuia.

Chanzo chake

Mbegu izikwapo huwa gizani. Ndani yake imewekewa akiba ndogo ya chakula, mfano wa posho ya askari aliyetumwa doria ya mbali: ikimalizika kabla hajafika, hana pa kupata nyingine. Mche huitumia akiba hiyo kwa jambo moja kwanza, nalo ni kurefusha shina hadi uuone mwanga. Ukishauona, shina hupunguza mwendo, majani hukunjuka na kuwa ya kijani, na mmea huanza kujitengenezea chakula wenyewe. Usipopata mwanga wa kutosha, huendelea kurefuka kana kwamba bado umo udongoni. Basi urefu ule si nguvu, ni njaa.

Mambo haya yalichunguzwa zamani. Charles Darwin na mwanawe Francis, katika kitabu walichokitoa mwaka 1880, walieleza kwamba ncha ya mche wa nyasi ikifunikwa, mche hauinami tena kuelekea mwanga. Katika miaka ya 1920 Mholanzi Frits Went alionyesha kwamba nchani hutoka kemikali iteremkayo shinani na kulirefusha, nayo huitwa oksini. Upande ulio kivulini hupata kemikali hiyo kwa wingi zaidi, hurefuka zaidi, na mche huinama. Ndiyo sababu miche iliyopandwa koponi na kuwekwa chini ya upenu huelekea upande mmoja tu.

Sababu ya pili ni msongamano. Jani la kijani hunyonya mwanga mwekundu, lakini huuachilia ule mwekundu wa mbali ambao macho yetu ni shida kuuona. Mche hutambua tofauti ya miali hiyo miwili, ukajua kwamba umezungukwa na wenzake, nao huanza kushindana nao kwa kimo. Mbegu 100 zilizomwagwa mahali pa mbegu 20 hazitoi miche 100 mizuri. Hutoa mashina dhaifu yanayonyimana jua. Tena palipo na msongamano na maji mengi, ugonjwa wa kuoza shingo huingia upesi.

Yafaayo kutendwa

Sisi hatuna upungufu wa jua. Ikweta hukata barabara ya Masaka pale Kayabwe, na mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Lililo juu yetu ni kuuacha mwanga huo uifikie miche.

Kwanza, kitalu kiwe mahali peupe, mbali na ukuta, mgomba na mwembe. Pale ambapo nafasi kati ya nyumba na nyumba ni finyu, heri kutumia kasha linaloweza kuhamishwa kuliko kulima kivulini.

Pili, mbegu zitiwe katika mistari, kina cha sentimita 1 hivi, na mistari iachane kwa sentimita 10 hadi 15. Miche ikitoa majani yake ya kweli, ing'olewe iliyozidi, ibaki yenye nafasi ya sentimita 3 hadi 5.

Tatu, nyasi zilizotandazwa juu ya kitalu ziondolewe mara miche ya kwanza inapochomoza. Kuchelewa siku mbili tu kwatosha kuiharibu. Kama jua ni kali mno, kijengwe kichanja chepesi juu yake, kisha nyasi zake zipunguzwe kidogo kidogo.

Nne, maji yatiwe asubuhi, kwa kiasi, na mbolea ya chumvichumvi isizidishwe. Mche ulioshibishwa nitrojeni hurefuka upesi na kuwa laini.

Tano, miche izoezwe. Mwaka 1973 mtaalamu wa mimea M. J. Jaffe alieleza jinsi mimea inayoguswaguswa inavyopunguza kurefuka. Kuipitishia miche kiganja au ufito laini mara chache kila siku huifanya iwe mifupi na imara. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuihamisha, kivuli kiondolewe chote na maji yapunguzwe. Askari wetu wanalijua jambo hili kuliko sisi: kuruta hapelekwi kazini kabla ya kufunzwa kustahimili.

Iliyokwisha kurefuka

Nyanya ina bahati yake. Shina lake likifukiwa hutoa mizizi mipya; kwa hiyo mche mrefu wa nyanya na uzikwe hadi karibu na majani yake ya chini, wakati wa jioni, kisha utiwe maji. Kabichi yaweza kuzamishwa kidogo tu, bila kuufunika moyo wake. Lakini mche uliokwisha kulala na kunyauka shingo usipewe nafasi shambani. Ni afadhali kutia mbegu upya siku hiyo hiyo, kabla mvua hazijasonga mbele.

Ndugu askari, mche mwema wa nyanya ni mfupi, mnene, wa kijani iliyokolea, wenye urefu wa sentimita 15 hivi baada ya majuma manne hadi sita. Kagueni vitalu vyenu kila asubuhi kwa kipimo hicho, wala msidanganywe na kimo.