Je, Wajua? Nyatiti Ilivyofika Kwenye Filamu

"Kothbiro", wimbo wa Kijaluo unaohimiza ng'ombe warudishwe nyumbani kabla ya mvua, ulivuma duniani kupitia filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Fernando Meirelles. Haukutungwa kwa ajili ya filamu hiyo. Mwanamuziki Ayub Ogada alikuwa ameshaurekodi katika albamu yake En Mana Kuoyo ya 1993. Aliuimba akipiga nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Wajaluo wa ukanda wa Ziwa Victoria. Kwa desturi, mpigaji huketi kwenye kigoda, njuga mguuni, na kushika mapigo kwa kuigonga ala kwa pete ya chuma aliyoivaa kwenye kidole gumba cha mguu. Ogada alifariki Februari 2019 huko Nyahera, Kisumu.