Kamera Nne, Picha Moja

Mazishi yanapofanyika Ndhiwa au Uriri, hema huwa halitoshi. Jamaa wengine wako Nairobi, wengine Marekani, na wote wanataka kuona. Ndiyo sababu siku hizi, katika maboma mengi ya kaunti za Homa Bay na Migori, karibu na spika huwekwa meza yenye skrini na kisanduku cha vitufe. Hiyo ndiyo swicha.

Swicha hupokea picha za kamera kadhaa kwa wakati mmoja na kutoa moja tu. Skrini ya fundi imegawanywa vyumba, na viwili ni vikubwa: kimoja kina picha iliyo hewani, cha pili kina ile inayosubiri zamu. Kitufe cha kukata kikibonyezwa, zinabadilishana nafasi papo hapo. Fundi akitaka upole, picha moja huyeyukia nyingine.

Ugumu umejificha ndani. Kamera hutoa picha tuli mfululizo, nchini Kenya kwa kawaida 25 kwa sekunde, na kila kamera huhesabu kwa saa yake. Zikiunganishwa ovyo, skrini itaruka kwa kila mkato. Kwa hiyo swicha huishikilia kila picha kwa muda mfupi mno hadi zote zianze pamoja. Sauti nayo sharti icheleweshwe kiasi hicho hicho, la sivyo midomo ya mhubiri huachana na maneno yake.

Zamani mitambo hii ilikuwa mali ya vituo vya televisheni. Mwaka 2019 kampuni ya Australia, Blackmagic Design, ilitoa ATEM Mini, yenye matundu manne ya HDMI, kwa dola 295. Miezi michache baadaye ikaja Korona, Kenya ikaagiza waombolezaji wasizidi 15, na YouTube na Facebook zikawa uwanja wa matanga. Asiye na kisanduku hutumia OBS, programu ya bure inayogeuza kompyuta kuwa swicha.

Sherehe kubwa ni habari nyingine. Sikukuu ya Madaraka ya Juni 1, 2025, katika Uwanja wa Raila Odinga mjini Homa Bay, ilirushwa moja kwa moja kitaifa. Kwenye kazi ya namna hiyo, mwongozaji humwonya mpigapicha kwa vipokea sauti vya masikioni kabla ya zamu yake, kisha taa nyekundu humjulisha kwamba yuko hewani.

Kijijini hasumbui mwongozaji, husumbua waya. Ule wa HDMI huanza kuyumba ukipita mita 15 hivi, na kaburi mara nyingi liko mbali zaidi. Wenye uwezo hutumia waya wa SDI, unaofika karibu mita 100. Halafu kuna busara ambayo hakuna kitufe chake: mjane akianguka kwa kilio, fundi mzuri huhamia kwaya haraka. Wengine hawahami, na hilo ni kosa.

Mtandao ukikatika, watazamaji wa mbali hubaki na skrini iliyoganda. Fundi makini hurekodi pia kwenye diski, na akiweza huhifadhi kila kamera peke yake, ili mkato uliokosewa urekebishwe kabla familia haijapewa nakala.