Joto la Seva na Vifaranga wa Dodoma

  

Huko Finland, kaskazini mwa jiji la Helsinki, kuna mji mdogo uitwao Mäntsälä. Kipupwe cha huko si cha mchezo: theluji hufunika mapaa na barabara, na ukitoka nje bila kofia masikio yanauma. Pembeni mwa mji huo kuna jengo kubwa ambalo halina mkazi hata mmoja. Ndani zimepangwa kompyuta safu kwa safu, hazina kioo wala kibodi, kazi yake ni kutunza na kutuma data usiku na mchana. Hizo ndizo seva, na jengo lenyewe ni kituo cha data. Tangu 2015, joto la seva hizo limekuwa likiingizwa kwenye mabomba ya mji na kupasha nyumba za watu.

Kompyuta na joto, wapi na wapi? Ni hivi. Umeme unapopita ndani ya chipu hukutana na ukinzani, na penye ukinzani pana joto. Cheza gemu kwenye simu kwa nusu saa, kisha shika mgongo wake. Utajua ninachosema. Umeme unaoingia kwenye kompyuta haupotei, karibu wote huishia kuwa joto. Seva mbili zenye kutumia wati 500 kila moja hutoa joto sawa na pasi ya nguo iliyowashwa na kusahauliwa, Jumatatu hadi Jumapili. Sasa weka seva elfu kumi chini ya paa moja.

Joto hilo lisipoondolewa, seva huharibika. Ndiyo maana mwenye kituo cha data hulipia umeme wa kuendesha seva, halafu akalipia tena umeme wa kuzipoza. Pita nyuma ya benki yoyote pale mjini Dodoma, usimame mbele ya lile sanduku la kiyoyozi lililofungwa ukutani nje. Upepo wa moto unaokupiga usoni ni fedha ya mtu inayokwenda angani.

Tatizo la kulitumia joto hilo ni kwamba hewa inayotoka kwenye seva huwa na nyuzi 30 hadi 40 hivi. Kwa nyumba iliyozungukwa na theluji hiyo haitoshi. Kwa hiyo Mäntsälä hutumia pampu ya joto. Usiogope jina, friji ya dukani inafanya kazi hiyohiyo: hunyonya joto kutoka kwenye soda na kulitoa mgongoni. Pampu hunyonya joto la seva, hulikusanya, na kulikabidhi kwa maji yakiwa ya moto zaidi. Maji hayo husukumwa kwenye mabomba chini ya ardhi hadi majumbani, yakipoa yanarudi kupashwa upya. Na mabomba hayo hayakuchimbiwa seva. Miji ya Finland ilikuwa nayo tangu zamani, seva zikaja kujiunga tu.

Turudi nyumbani. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai watu hulala na mablanketi mazito. Lakini mchana jua ni lilelile. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, walikwisha kulijibu swali la jua la mchana na baridi ya usiku kwa tembe: nyumba fupi ya miti iliyokandikwa udongo, juu paa bapa lenye tabaka nene la udongo. Mchana udongo ule unakunywa jua taratibu, usiku unalirudisha ndani. Mtu akija kesho kutuambia tuchimbe mitaro ya maji moto kutoka Mtumba hadi Nkuhungu ili kupasha vyumba, mimi nitakuwa wa kwanza kumkatalia.

Je, joto la seva zetu ni la kutupa? Hapana. Tutafute anayelihitaji.

Kule Naivasha, Kenya, wakulima wa maua walimpata. Shamba la Oserian lilichukua joto la kisima cha mvuke cha Olkaria na kupasha mabanda ya waridi yenye ukubwa wa hekta 50. Usiku wa Naivasha ni baridi na unyevu hutanda, na ukungu hushambulia maua. Joto hukausha hewa, na ugonjwa unapungua. Joto hilo ni la ardhini, si la kompyuta, lakini akili ni ileile. Tena Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo kikubwa cha data hukohuko Olkaria, kiendeshwe kwa umeme wa mvuke. Kikijengwa, joto na mashamba vitakuwa majirani.

Kwa Dodoma, mimi namchagua kifaranga. Kifaranga wa siku moja huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, kisha linapunguzwa kidogo kidogo kila wiki. Ona hiyo namba! Ni hewa ya seva kama ilivyo, hata pampu haihitajiki. Leo wafugaji wengi huweka jiko la mkaa ndani ya bruda, yaani chumba cha kulelea vifaranga. Mfugaji anaamka usiku wa manane kuongeza mkaa, anachungulia. Vifaranga wakijirundika kona moja, wamepigwa baridi na wa chini watakosa pumzi. Wakikimbilia ukutani midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika sawasawa wakidonoa, arudi kulala. Mkaa nao ukiwaka vibaya hutoa gesi ya sumu inayoua, achilia mbali miti iliyokatwa. Balbu ni safi, ila umeme ukikatika usiku, kwisha. Kituo cha data kina jenereta, kwa hiyo joto lake halikatiki ovyo.

Najua utauliza ni mlinzi gani atakayekubali kuku getini mwa kituo cha data. Hakuna, na ana haki: vumbi la manyoya ni adui wa seva. Hewa lazima iende upande mmoja tu, kutoka kwa seva kwenda bandani, isirudi. Banda nalo lisiwe mbali, kwa kuwa kila mita ya bomba inakula joto njiani.

Wa kulifanyia kazi wazo hili wapo: Dodoma ndiko yaliko makao makuu ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, na Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha vijana kompyuta. Nyie mlio shuleni anzeni na kidogo: azimeni kipimajoto maabara, pimeni hewa inayotoka nyuma ya kompyuta za shule zikiwa kazini, muandike namba. Ikifika 32, mwalimu wenu wa kilimo ana la kusikia.